Hopsi nyumbani Kigoma na Tabora: Cascade, Chinook, Comet au za Afrika Kusini?

Anayetaka kupanda hopsi, mmea ambao maua yake hutiwa kwenye bia kwa ajili ya uchungu na harufu, uani kwake, awe Mwanga, Ujiji au Isevya kule Tabora, kwa kawaida huanza na harufu: ipi inanukia balungi, ipi inanukia msonobari, ipi chungu zaidi. Maswali hayo yana nafasi yake, ila si ya kwanza. Huku kwetu linalotangulia ni urefu wa mchana. Ukilipuuza hilo utapata mmea wenye afya, majani ya kupendeza, na koni, yaani vichwa vya maua, za kujaza kikombe kimoja.

Hapa nalinganisha aina tatu za Marekani ambazo mtu binafsi anaweza kuziagiza, pamoja na kundi la Afrika Kusini lililozalishwa makusudi kwa ajili ya mchana mfupi. Zote zimepitishwa kwenye vigezo vilevile. Naandikia watu wa aina mbili: wanaopika bia kidogo nyumbani kwa matumizi yao, na wasiogusa pombe kabisa lakini wanataka koni za chai ya kutuliza usingizi au kivuli cha baraza. Kuuza pombe ni habari ya leseni, siingii huko.

Kwanza, mmea wenyewe

Hopsi ni mmea unaopanda kwenye kamba. Shina hufa kila msimu, mzizi hubaki ardhini na kuchipua tena, na mzizi mmoja ukitunzwa unaweza kuishi miaka 20 na zaidi. Kuna mmea dume na mmea jike. Jike ndilo linalozaa koni. Ichane koni iliyoiva kwa kidole gumba, utaona kwenye kitako cha kila gamba unga wa manjano unaonata. Hiyo ndiyo lupulini, na uchungu na harufu vyote vimo humo. Baada ya kuishika, harufu haitoki kidoleni kwa kunawa mara moja.

Ncha ya shina hutafuta kamba kwa kuzunguka, na ukiitazama kutoka juu daima huzunguka kama mshale wa saa unavyokwenda. Ukiizungusha upande mwingine kwa nia njema, inajifungua yenyewe. Shina lina vinywele vigumu vilivyopinda, ambavyo ndivyo linavyojishikilia kwenye kamba, na ndivyo vitakavyokuchana ukivuna kwa mikono mitupu. Vaa shati la mikono mirefu.

Jambo moja la mtaani: hopsi ni wa familia moja na bangi. Hata hivyo si bangi, hailewishi kama bangi, na jani lake linafanana zaidi na la mzabibu. Mjumbe akipita akauliza, mwonyeshe koni na umweleze. Ni afadhali aulize kwako kuliko aambiwe na jirani.

Vigezo ninavyotumia

*Mchana.* Kigoma na Tabora zote ziko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Mchana wetu mfupi kabisa, mwezi wa Juni, ni kama saa 11 na dakika 50. Ule mrefu kabisa, Desemba, ni kama saa 12 na dakika 25. Sasa linganisha na bonde la Yakima katika jimbo la Washington, linakolimwa hopsi nyingi za Marekani: mwezi Juni mchana wao unakaribia saa 16. Hopsi hulimwa zaidi kati ya nyuzi 35 na 55, kaskazini au kusini, na sababu ni hiyo.

Mmea huu hutoa maua mambo mawili yakitimia. La kwanza, shina liwe limefikisha vifundo vya kutosha, yaani sehemu majani yanapotokea. La pili, mchana uwe umeshuka chini ya kiwango fulani, ambacho kwa aina nyingi kiko karibu na saa 15 au 16. Huko Yakima mmea unarefuka miezi kadhaa ukingoja sharti la pili. Huku kwetu sharti la pili limetimia mwaka mzima, kwa hiyo shina likipata vifundo tu linakimbilia maua likiwa bado fupi, kabla ya kutoa matawi ya pembeni ya kutosha. Na matawi ya pembeni ndiyo yanayobeba koni.

Dawa yake ni taa. Chuo Kikuu cha Florida, karibu nyuzi 28 kaskazini, kimefanya majaribio kwa kuwasha taa za LED ili kurefusha mchana, na huko hopsi zinavunwa mara mbili kwa mwaka. Wakulima wa Brazil nao wanatumia taa. Nyumbani huhitaji mtambo. Balbu ya LED ya wati 9 au 10 juu ya mashina mawili, iwashwe kabla giza halijaingia na izimwe saa 5 usiku. Kwa kuwa Kigoma jua huchomoza karibu saa 1 asubuhi, mchana wa mmea unafika saa 16. Mmea ukishajaza kamba, zima taa na usiiwashe tena msimu huo. Maua yatafuata. Ila kama jirani ana taa ya usalama inayomulika uani kwako hadi asubuhi, iweke kwenye hesabu: hiyo itachelewesha maua hata wiki utakazotaka yatoke. Chagua kona yenye giza, au muombe aigeuze.

*Joto, maji na mchwa.* Wengi huambiwa hopsi lazima ilale kwenye baridi kali kabla ya kuzaa. Mwaka 2019 William Bauerle wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba hopsi hutoa maua na koni bila kupitishwa kwenye baridi, mradi urefu wa mchana udhibitiwe. Kwa hiyo joto letu halimnyimi mtu hopsi. Kinachoumiza ni kiu: shina lililokomaa kiangazini linaweza kunywa ndoo ya lita 20 kwa siku, na kama maji unanunua kwa dumu, hesabu hiyo ifanye kabla ya kuchimba shimo. Kiangazi pia huleta utitiri mwekundu, hasa kwenye mmea wenye kiu na vumbi. Mchwa hawaigusi sana hopsi mbichi, wanakula nguzo.

*Masika.* Adui mkubwa wa majani wakati wa mvua ni ubwiri unyoya. Chipukizi linadumaa, majani yanajikunja kuelekea chini, na upande wa chini wa jani kunatokea ukungu wa kijivu.

*Uchungu na harufu.* Uchungu hupimwa kwa asilimia ya asidi za alfa. Kumbuka kwamba koni za uani hazina karatasi ya maabara, kwa hiyo namba za kila aina ni mwongozo tu.

*Kukaa baada ya kukaushwa.* Kigezo hiki vitabu vya Ulaya hukigusa kwa mstari mmoja. Kwetu, kwenye joto na umeme unaokatika, kina uzito.

*Kupatikana.* Hopsi hupandwa kwa kipande cha shina la chini ya ardhi, kinachofanana na kipande cha tangawizi, au kwa mche. Hapa nitakiita kipando. Mbegu usinunue: karibu nusu yake huota dume, na hakuna inayofanana na mama yake. Kuingiza kipando nchini kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi kinakotoka. Usifiche kipando kwenye sanduku la nguo. Kuna viroidi vya hopsi, vimelea vya magonjwa visivyoonekana kwa macho, vinavyosafiri ndani ya vipando, na mche uliozalishwa maabara kwa tishu ni salama kuliko kipande kilichochimbwa kwenye shamba la mtu.

Cascade

Hii ilitolewa kwa wakulima mwaka 1972 baada ya kuzalishwa Oregon. Upande mmoja wa ukoo wake ni Fuggle ya Uingereza, upande mwingine kuna Serebrianka ya Urusi. Ni aina ya umma, yaani hakuna kampuni inayomiliki haki ya kuipanda, na karibu kila kitalu cha hopsi duniani kinayo. Peke yake hilo linatosha kuiweka mbele kwa mtu anayeanza.

Kwa mchana wetu, Cascade haina uchawi; bila taa nayo itawahi kutoa maua. Lakini ndiyo iliyofanya vizuri kwenye majaribio ya Florida, na hiyo ndiyo hali ya hewa iliyo karibu nasi kuliko Oregon. Joto inalistahimili ikiwa mizizi imefunikwa kwa majani makavu au maganda ya mpunga na maji hayakatiki. Kwa ubwiri unyoya ni mvumilivu kiasi, si kwamba haipati. Ukiona majani ya chini yameanza kuharibika, yakate yote hadi urefu wa goti, acha hewa ipite.

Asidi za alfa zake ni kama asilimia 4.5 hadi 7. Harufu ni balungi na maua, na ndiyo iliyozipa bia nyingi za Marekani zilizopikwa kwenye viwanda vidogo harufu inayotambulika. Kwa chai pia ni ya upole kuliko hizi nyingine, ingawa upole wa hopsi bado ni uchungu. Weka asali ya Tabora, hutajuta.

Udhaifu wake uko kwenye kabati. Cascade ikiachwa kwenye joto la chumba, baada ya miezi 6 inabaki na nusu tu ya asidi zake. Kwa joto la chumba la Ujiji sitegemei hata hiyo nusu. Kausha, funga kwenye mfuko usio na hewa, gandisha. Nyumba isiyo na friza itumie koni zake mapema, au isichague Cascade kwa ajili ya akiba.

Inamfaa anayeanza, anayetaka harufu kuliko uchungu, na asiyetaka kuhangaika kuitafuta.

Chinook

Hii ilitolewa mwaka 1985, nayo ni ya umma. Mama yake ni Petham Golding ya Uingereza, ingawa ukiionja hutamwona mama huyo: inanukia msonobari na viungo, kuna watu wanaosikia pilipili manga. Alfa zake ni asilimia 12 hadi 14.

Tofauti hiyo ina maana yake sufuriani. Kwa sufuria ya lita 20, ukitaka uchungu wa wastani kwa kuchemsha saa nzima, Cascade yenye asilimia 6 itakula kama gramu 40. Chinook yenye asilimia 13 itatosha kwa gramu 18 hivi. Mtu ambaye uani kwake pana nafasi ya mashina mawili tu aitafakari hesabu hii, kwa sababu mavuno ya huku hayatakuwa ya Yakima, ambako shina moja la shambani hutoa karibu kilo nzima ya koni kavu.

Kwenye mchana, Chinook ni mmea wenye nguvu unaopenda kupanda juu na kutanuka, na huchelewa kuiva kuliko Cascade. Bila taa nguvu hiyo haipati nafasi. Kwa maoni yangu, Chinook bila taa ni kama kupoteza kipando kizuri. Ikipata taa, inataka nguzo imara, maana shina lililojaa koni na kulowa umande lina uzito wa kuangusha mti wa mwanzi. Ubwiri unyoya inauvumilia kiasi, sawa na Cascade. Utitiri mwekundu uchunguze nyuma ya majani kila wiki kuanzia Juni.

Kwenye kuhifadhi inaishinda Cascade waziwazi: baada ya miezi 6 kwenye joto la kawaida hubaki na karibu asilimia 70 ya asidi zake. Nyumba yenye umeme wa kubahatisha itaona tofauti.

Inamfaa mpikaji wa bia anayetaka uchungu mwingi kutoka kwenye koni chache, mwenye taa na nguzo. Kwa chai sikushauri.

Comet

Comet ilitolewa mwaka 1974, ikatamba kidogo kwa uchungu wake, kisha aina chungu zaidi zikaisukuma pembeni. Siku hizi imerudi. Baba yake alikuwa hopsi wa porini kutoka Utah, nchi kavu yenye jua kali, na mama yake ni Sunshine ya Uingereza, ambayo majani yake ni ya manjano. Comet imerithi rangi hiyo.

Hapa pana jambo la kujua kabla hujaharibu mmea. Majani ya Comet yakipigwa na jua kali yanageuka manjano, hasa ya juu. Mkulima wa mahindi akiona hivyo atakimbilia urea. Usikimbilie. Angalia majani ya chini: yakiwa kijani na mmea unarefuka, hiyo ndiyo rangi yake. Upungufu wa naitrojeni huanzia majani ya zamani ya chini kwenda juu. Mbolea ya kupita kiasi kwenye hopsi inaleta majani laini ambayo ubwiri na utitiri huyapenda.

Kwa mchana mfupi, Comet ni miongoni mwa zinazolimwa Brazil chini ya taa, na hilo linanipa matumaini nayo. Jua la Tabora, kali na kavu kuanzia Agosti, haliitishi kama linavyozitisha aina za Ulaya. Wakati wa masika sitegemei ijilinde yenyewe: ipande mahali penye upepo, na usimwagilie juu ya majani.

Alfa zake ni asilimia 9 hadi 12, katikati ya zile mbili. Harufu ni balungi tena, lakini lenye ukali wa majani mabichi unaowagawa watu. Kuna wanaoipenda sana na wanaoiacha kwenye glasi. Kuhifadhika kwake ni kama Cascade, yaani hafifu. Ni ya umma, lakini si kila kitalu kinayo.

Inamfaa mtu wa Tabora au Uvinza mwenye uwanja wa jua tupu, na yeyote anayetaka mmea wa kupendeza macho. Kama lengo lako ni kivuli cha baraza, majani yale ya manjano juu ya mlango ni mapambo tosha hata kama hukuvuna koni moja.

Southern Promise na Southern Star

Wakulima wa hopsi wa Afrika Kusini wako George na maeneo yake, Rasi ya Magharibi, karibu nyuzi 34 kusini. Mchana wao mrefu kabisa unazidi saa 14 kidogo. Kwa hopsi za Ulaya hiyo haitoshi, na kwa miaka mingi iliwabidi kuwasha taa za umeme mashambani usiku. Baadaye walizalisha aina zao zinazotosheka na mchana huo. Southern Promise na Southern Star ni miongoni mwa hizo.

Kwa kigezo cha mchana hakuna nyingine hapa inayozifikia. Lakini tusijidanganye: saa 14 si saa 12. Zimesogea nusu ya njia kuja kwetu. Taa bado itasaidia, ila itahitajika kwa muda mfupi zaidi kila usiku, na umeme ukikatika siku mbili tatu wasiwasi unakuwa mdogo.

Joto la pwani ya George ni la wastani, kwa hiyo jua la mchana la Tabora liziwekee kivuli kidogo upande wa magharibi. Mwembe ulio mbali kidogo unatosha. Masika zitunzwe kwa namna ileile ya Cascade. Southern Promise ina alfa karibu asilimia 10 au 11 na ladha tulivu ya udongo na mbao; Southern Star iko juu zaidi na inanukia matunda, nanasi likiwemo. Koni zake zigandishe kama za Cascade.

Tatizo ni kupatikana. Aina hizi zilizaliwa mikononi mwa tasnia ya bia ya huko, na mtu wa kawaida kuagiza kipando si jambo la simu moja. Kilicho rahisi ni kununua chembe kavu za koni zilizosagwa na kugandamizwa, ambazo haziwezi kuota.

Inamfaa aliye na ushirika, kikundi au taasisi ya kuzungumza na wenye aina hizo kwa barua rasmi. Kwa mtu mmoja na ua wake, leo ni ndoto ya mbali kidogo.

Zile nisizoziweka kwenye ulinganisho

Fuggle, Saaz na Hallertau Mittelfrüh ni hopsi zenye heshima, lakini zimezoea nchi baridi na kiangazi chenye mchana mrefu. Kwetu zianzie kwenye mfuko, si ardhini. Citra na Mosaic ambazo kila mtu anazitaja zina wenyewe. Vipando vyake haviuzwi kwa watu binafsi, na anayekuuzia kwenye mtandao ama anakuibia au ameiba.

Kalenda, nguzo na kukausha

Kwa aina zote hizi, ningepanda vipando Februari au Machi, mvua ingali inanyesha, kwenye shimo lenye samadi iliyoiva na mahali ambapo maji hayatuami. Taa iwashwe machipukizi yakifika urefu wa goti. Chagua machipukizi matatu au manne kwa kila kamba, mengine ng'oa. Machanga yanaliwa kama mboga, chemsha kidogo na ukaange na kitunguu. Zima taa mwishoni mwa Juni. Kutoka hapo hadi koni kuiva ni miezi miwili na ushei, kwa hiyo unavuna Septemba, hewa ikiwa kavu, kabla mvua za Oktoba au Novemba hazijazilowesha. Mwaka wa kwanza ni wa mizizi. Usiulize mengi.

Urefu wa nguzo ufuate taa. Wenye taa wasimike mkaratusi wa mita 5 na kuning'iniza kamba ya katani. Wasio na taa waweke uzio wa waya wa mita 2 na nusu, maana mmea hautafika juu zaidi, na wapande mashina mengi zaidi yaliyokaribiana. Nguzo ipakwe oili chafu sehemu inayoingia ardhini, na usiipake karibu na mizizi. Au ichome moto kidogo hadi iwe nyeusi. Kila asubuhi ya kiangazi pitisha macho kwenye kitako cha nguzo. Ukiona mkanda wa udongo mbichi unapanda, mchwa wameanza kazi usiku uliopita.

Koni iliyoiva ni nyepesi, inachakacha ukiibonyeza, na inarudi umbo lake. Asilimia kama 80 ya uzito wake ni maji, kwa hiyo kilo 4 au 5 mbichi zinakupa kilo moja kavu. Zitandaze kwenye chandarua kikuukuu chini ya paa penye upepo na kivuli. Watu wa Urambo na Kaliua wenye mabani ya tumbaku watajaribiwa kuyatumia; bani linapandishwa joto kupita kiasi hopsi inachoweza kubeba. Usivuke nyuzi 60, na moshi usiziguse kabisa. Zimekauka pale uti wa katikati ya koni unapokatika badala ya kupinda.

Kama unafuga mbwa, hopsi na mabaki yake yaliyochemshwa yazike mbali naye. Yanaweza kumpandishia joto la mwili hadi afe.

Uchague kwa hali yako

Una umeme wa kuaminika kiasi, friza, na ndiyo mara ya kwanza: anza na Cascade, shina mbili, taa moja.

Una umeme lakini huna friza, au friza yako imejaa dagaa na migebuka na mwenye nyumba hataki kusikia: Chinook itakuvumilia kuliko Cascade, mradi nguzo iwe ya uhakika.

Huna umeme, au una paneli ndogo ya sola inayotosha simu na taa ya sebuleni: usihamishie taa ya watoto ya kusomea uani kwa sababu ya hopsi. Panda Cascade kwenye uzio mfupi, shina nne au tano, ukubali mavuno madogo. Ukipata za Afrika Kusini, hapo ndipo mahali pake hasa.

Uko Tabora, uwanja hauna mti, jua linapiga kutwa: Comet, na maji ya uhakika Agosti na Septemba. Uko kando ya ziwa Kigoma, unyevu unakaa kwenye majani hadi saa 4 asubuhi: Cascade au Chinook, na upunguze majani ya chini bila huruma.

Hunywi pombe, unataka chai na kivuli: Cascade kwa chai, Comet kwa kivuli. Anayetumia dawa za usingizi, au mjamzito, amuulize daktari kwanza kabla ya kuifanya chai ya kila usiku.

Na kama kibali cha kuingiza vipando hakitapatikana mwaka huu, agiza koni kavu au chembe zilizogandamizwa za aina mbili tofauti, Cascade na Chinook kwa mfano, uzichemshe kwenye sufuria mbili siku moja na uonje. Huo mwaka wa kungoja utumie pia kusimika nguzo na kuona kama mchwa wanazifikia.